Kuhamia Lushoto: mwongozo kamili kwa anayetaka mji mtulivu na milima ya kutembea mwaka mzima

Watu wengi huipenda Lushoto mwezi wa Desemba. Wamekuja kwenye harusi au likizo ya Krismasi, wanakuta plamsi zimejaa ndoo kando ya barabara, jua la wastani, usiku wa blanketi moja, na kabla hawajapanda basi la kurudi wameshaanza kuuliza bei ya viwanja. Ningekuwa na amri, ningewazuia kuuliza mpaka wawe wamelala hapa wiki mbili za Julai. Mji huu unapimwa kwa baridi yake. Anayeweza kuamka Julai, akavaa sweta mbili na kwenda kutembea kwenye ukungu huku anafurahi, huyo ataishi hapa vizuri. Anayeipenda Desemba tu, nyumba ya wageni inamtosha.

Kwa asiyeijua: Lushoto iko Usambara Magharibi, mkoa wa Tanga, kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na walipanda huku kukimbia joto la pwani. Leo ni makao makuu ya wilaya, kwa hiyo kuna benki, hospitali ya wilaya, mahakama, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama kinacholeta vijana na wapangaji. Lakini ukitoka stendi ukatembea nusu saa upande wowote, uko kwenye migomba, mahindi na mabonde ya mboga. Huhitaji gari wala kulipa kiingilio ili kupata mazoezi ya mlima. Ukifunga mlango wa nyumba yako, umeshaanza kupanda.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuishi, awe mstaafu, anayefanya kazi kwa kompyuta, au mtu aliyechoka na foleni za Dar. Fuata hatua kwa mpangilio, kwa sababu anayeruka zile za mwanzo huzirudia baadaye kwa gharama kubwa.

Hatua ya 1: Njoo uonje msimu mgumu

Kutoka Dar es Salaam kuna mabasi yanayofika Lushoto moja kwa moja kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Ukikosa, panda basi lolote la Moshi au Arusha, shuka Mombo, kisha chukua kosta au Noah ya kupandisha. Kutoka Mombo ni kilomita 32 au 33 za lami, kona juu ya kona, bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili. Anayetapika safarini akae mbele na asile chipsi Mombo. Katikati ya njia utapita Soni, mji mdogo wenye maporomoko ya maji karibu kabisa na barabara.

Barabara hiyo ndiyo kamba inayouunganisha mji na dunia, na mvua kubwa huikata. Masika yakizidi, udongo na mawe hushuka, magari husimama, na mboga zilizokuwa ziende Dar huozea kwenye matenga. Kwa hiyo ukija kuonja, chagua kati ya nyakati mbili: Aprili, uone matope na barabara, au Julai, uone baridi na ukungu. Ukipata nafasi ya zote mbili, vizuri zaidi. Lala nyumba ya wageni ya kawaida ya mjini. Hoteli yenye sehemu ya kuotea moto itakudanganya kuhusu maisha yatakavyokuwa.

Katika siku hizo fanya kazi zako kama kawaida. Nenda sokoni, tuma pesa, piga simu za kazini, fua nguo uone zinakauka baada ya siku ngapi. Jioni saa moja na nusu toka nje. Maduka mengi yanafunga mapema, barabara inakuwa tupu, na sauti unazosikia ni mbwa, adhana na mto. Wengine wakikutana na ukimya huo hulala usingizi ambao hawajaupata miaka. Wengine wanaanza kutafuta ratiba ya basi. Ni vyema ujue uko kundi gani kabla hujahamisha kabati.

Hatua ya 2: Panga nyumba, na uikague kama mtu wa milimani

Usinunue chochote mwaka wa kwanza. Panga. Nyumba hupatikana kwa kuuliza: mama wa duka, fundi, dereva wa bodaboda, mwenyekiti wa kitongoji. Madalali wapo, ila mji ni mdogo na habari ya nyumba tupu husambaa kabla ya dalali kuifikia. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Omba miezi 3, na uwe tayari kukubaliana kwenye 6, kwa mkataba wa maandishi wenye mashahidi.

Sasa ukaguzi. Mtu wa Dar akikagua nyumba huangalia upepo na feni. Hapa kagua jua. Simama ndani ya chumba cha kulala saa mbili asubuhi uone kama jua linaingia. Nyumba yenye madirisha ya mashariki hupata joto mapema na kuta hukauka. Nyumba iliyojificha nyuma ya kilima inaweza kungoja jua mpaka saa tano. Hewa ya baridi hushuka usiku ikalala mabondeni, ndiyo maana nyumba ya chini karibu na mto, ambayo mchana inapendeza kuliko zote, ni barafu alfajiri. Nyumba ya mgongoni mwa kilima hupigwa upepo lakini hukauka. Mimi ningechagua mgongo.

Kisha weka kiganja ukutani, nyuma ya kabati au kwenye kona ya kaskazini na kusini. Ukuta mkavu ni baridi tu. Wenye unyevu unanata, na ukinusa vidole unapata harufu ya gunia lililolowa. Tazama dari: mduara wa rangi ya chai unaonyesha bati linalovuja, hata kama mwenye nyumba anasema lilishazibwa. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya ukuta kutoka chini inaficha kitu. Unyevu si suala la urembo, kwani nguo, viatu vya ngozi, vitabu na godoro vyote huota kuvu masika yakikolea, na mwenye pumu atateseka.

Maji: fungua bomba asubuhi wakati watu wote wanachota, usifungue saa nane mchana. Uliza maji yanatoka chanzo gani na mgao ukoje kiangazi. Milima ina chemchemi nyingi, na bado kuna mitaa inayokaa bila maji Januari. Tangi la kuhifadhi maji si anasa. Umeme ni wa Luku kama kwingine. Hakikisha una mita yako peke yako, maana kugawana mita na jirani mwenye hita ya maji huvunja undugu.

Mtandao ujaribu ndani ya chumba utakachofanyia kazi, mlango ukiwa umefungwa. Kilima kimoja kinaweza kukukatia mawimbi yote. Nunua laini mbili za kampuni tofauti, piga simu ya video dakika kumi kwa kila moja, kisha amua. Anayetegemea intaneti kwa mkate wake awe na betri ya akiba ya kuendesha ruta kwa saa nne au tano, kwa kuwa upepo na miti kuangukia nyaya ni jambo la kawaida hapa.

Hatua ya 3: Jitambulishe

Wiki ya kwanza nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa wako, na kwa mtendaji. Beba kitambulisho cha NIDA na, ukiweza, barua ya utambulisho kutoka ulikotoka. Jambo hilo halichukui saa nzima, ila linabadilisha mambo mengi: siku ukiumia mlimani, ukiibiwa, au ukitaka barua ya kufungulia akaunti, unakuwa mtu anayejulikana.

Wenyeji wengi ni Wasambaa, pamoja na Wapare na Wambugu. Kiswahili kinakutosha kila mahali, lakini majumbani na sokoni utasikia Kisambaa, na salamu tatu za Kisambaa ukizijua utapunguziwa bei bila kuomba. Mwambie jirani akufundishe. Atacheka, na huo ndio mwanzo wa ujirani. Mkubwa ni shikamoo, hata kama amebeba tenga la kabichi kichwani na anahema. Hasa akiwa amebeba, na umpishe njia.

Misiba usiikose. Mji wa namna hii haukupimi kwa mchango wa harusi, unakupima kama ulionekana msibani, ukakaa kwenye mkeka na kushika jembe wengine walipochoka. Mgeni anayetembea milimani kila Jumamosi na haonekani kwa jirani aliyefiwa atasalimiwa kwa adabu zote, na hatajua kamwe yanayosemwa.

Hatua ya 4: Joto la ndani, na onyo kuhusu mkaa

Sehemu hii usiiruke. Baridi ya Juni hadi Agosti haifikii ya Ulaya, lakini nyumba zetu hazina vifaa vya kuipasha joto, na usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kila msimu wa baridi, katika nyanda za juu za nchi hii, watu hufa kwa kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu. Mtu anasikia usingizi mzito, haamki. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata kama bibi wa jirani anasema wamefanya hivyo miaka yote.

Badala yake: blanketi mbili nzito, soksi za sufu, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa miguuni, mapazia mazito, na vipande vya nguo kuziba chini ya milango. Hita ndogo ya umeme inafaa saa moja kabla ya kulala, ila Luku itakukumbusha. Nguo za baridi usinunue Dar. Soko la mitumba la hapa lina makoti, masweta na mabuti yaliyochaguliwa na watu wanaoijua baridi, na bei ni za kibinadamu. Amka mapema siku ya kufungua marobota.

Hatua ya 5: Jikoni na sokoni

Hapa nitapita haraka, kwa sababu ni sehemu rahisi. Utakula vizuri kwa pesa kidogo: kabichi, karoti, hoho, viazi, maharage, magimbi, ndizi za kupika, maziwa ya ng'ombe wa kufugwa ndani. Matunda ya baridi, yaani plamsi, pichi, peasi na matufaha, hujaa kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Februari hivi. Samaki wa baharini hufika akiwa amechoka; zoea dagaa. Kwenye njia ya kwenda jabali la Irente kuna shamba la Kanisa la Kilutheri linalouza mkate wa ngano nyeusi, jibini na jemu, na wengi hufanya matembezi ya Jumamosi kwa sababu ya jibini hiyo kuliko mandhari.

Weka akiba ya wiki mbili Machi inapoanza: unga, mchele, mafuta, mtungi wa pili wa gesi, mishumaa, dawa zako za kudumu. Barabara ikikatika, bei ya mchele hupanda siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Ijue kalenda ya milima

Anayesema hapa unaweza kutembea mwaka mzima hasemi uongo, ila hutembei njia ileile, saa ileile, na viatu vilevile.

Januari na Februari ni kiangazi. Njia ni kavu, na huu ndio wakati wa safari ndefu na baiskeli. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana saa sita jua la mlimani linaunguza kuliko unavyolisikia. Upepo wa baridi hukudanganya, jioni unakuta shingo imebabuka. Kofia na mikono mirefu.

Machi hadi Mei ni masika. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unateleza kama sabuni, na njia za kukatiza mteremko ziache kabisa baada ya mvua ya usiku kucha. Hata hivyo usijifungie. Mvua ina mapumziko yake, na ndani ya mapumziko hayo ukivaa gambuti ukashika fimbo, kuna matembezi ya saa moja au mbili kwenye barabara za magari ambayo hayana mfano: maporomoko yamejaa, vyura wanapiga kelele, vinyonga wako kwenye vichaka vya kando ya njia. Baiskeli ipumzike.

Juni hadi Agosti ni baridi, manyunyu na ukungu. Wageni huukimbia msimu huu, na mimi naona ndio bora kwa mtu anayetaka kujenga pumzi: unapanda kwa muda wa saa tatu bila kulowa jasho. Ukungu hushikilia asubuhi, kwa hiyo usiondoke alfajiri kama kiangazi. Kunywa chai, ngoja mpaka saa nne asubuhi, kisha uende. Njia ya msituni usiijaribu peke yako kwenye ukungu. Unaweza kupoteza mwelekeo ukiwa mita mia moja kutoka barabarani. Na mtu aliyelowa manyunyu akakaa kupumzika kwenye upepo hutetemeka haraka sana, basi shati kavu kwenye mfuko wa plastiki ni la lazima kama maji ya kunywa.

Septemba na Oktoba, mpaka vuli ianze, ndiyo miezi ya kualika ndugu. Ardhi imekauka, joto limerudi, na asubuhi huwa wazi. Kisha Novemba na Desemba mvua za vuli huja mara nyingi baada ya mchana, hivyo kanuni ni moja: uwe umerudi kabla ya saa nane.

Hatua ya 7: Anza na njia nne hizi

Irente. Kilomita tano au sita kutoka mjini, barabara inayoeleweka, watu njiani muda wote. Inafaa kwa wiki ya kwanza. Mwisho wake mlima unakatika ghafla, na chini, karibu mita elfu moja, unaona nyika, mashamba ya mkonge ya Mazinde na barabara kuu kama uzi. Kuna ada ndogo ya kuingia kwenye jabali. Hakuna ukuta wa kuzuia. Watoto washikwe mkono, na picha za kurudi nyuma hatua moja moja usipige. Asubuhi ndiyo nyika huonekana safi, ingawa machweo yana wapenzi wengi zaidi, ambao baadaye hurudi gizani kwa bodaboda.

Magamba. Msitu wa hifadhi ya mazingira asilia ulio kaskazini mwa mji, wenye vilele vinavyopita mita 2,200. Unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo kibali na malipo hufanywa ofisini kwao kwa namba ya malipo ya serikali; usimpe mtu pesa mkononi njiani. Chukua mwongozaji mara ya kwanza. Ndani kuna mbega weusi wenye mashungi meupe, ndege ambao watazamaji huvuka bahari kuwafuata, na mabaki ya enzi za kupasua mbao. Ukisikia matawi yanaanguka kama mtu anavunja kuni juu ya kichwa chako, simama na unyamaze: mbega huruka mmoja mmoja kwa foleni, na wa mwisho kwa kawaida ni mdogo anayesitasita kwanza.

Soni. Chukua Noah kushuka, tembea kurudi kwa njia za vijijini badala ya lami. Hii ni njia ya mashambani, inapita kwenye nyumba za watu, matuta na mifereji. Utaona majani marefu ya guatemala yamepandwa kwenye kingo za matuta. Yalisambazwa sana na mradi wa kuzuia mmomonyoko ulioanza miaka ya 1980, na ng'ombe wa zizini hulishwa hayo. Yanashika udongo na kujaza ndoo ya maziwa kwa wakati mmoja. Ukipata bustani, panda yako.

Mtae. Hii ni safari ya siku tatu hadi tano kwa miguu, kupitia Magamba, Lukozi na Rangwi, mpaka ukingo wa kaskazini ambako kijiji kimekaa kwenye mgongo mwembamba na chini yake ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Asubuhi ya anga safi Kilimanjaro hutokea kwa mbali. Usiifanye mpaka umeshatembea njia fupi kwa miezi kadhaa, na panga malazi kabla. Anayetaka kuona mandhari bila kutembea apande basi la kwenda Mtae. Barabara ni ya vumbi na inachosha, lakini abiria ni wacheshi.

Usambara Mashariki, kule Amani, ni mlima mwingine na safari nyingine. Usidhani utavuka kwa mchana mmoja. Huko ndiko nyumbani kwa Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima.

Hatua ya 8: Vifaa na adabu ya njia

Vifaa: buti moja lenye meno, limevaliwa nyumbani wiki mbili kabla, gambuti, koti la mvua linalofika magotini, fimbo, tochi ya kichwani, filimbi, lita mbili za maji, chumvi na sukari kwenye karatasi, simu iliyojaa chaji na ramani iliyopakuliwa. Mwambie mtu mmoja unakokwenda na saa ya kurudi. Mwambie mama wa duka kama huna mwingine. Yeye ataanza kuuliza kabla ya familia yako.

Maji ya mtoni usinywe, hata yakiwa meupe kama kioo. Mabonde yetu ni ya mboga, na mboga za biashara hupigwa dawa. Ukiona bustani za kabichi juu yako, maji yanayokuja chini yamepita huko. Beba yako ya kuchemsha.

Karibu kila njia unayopita ni ya mtu: imekatwa na aliyekuwa anakwenda shambani kwake. Usikanyage mche, usifungue mfereji wa maji ili uvuke pakavu, usichume plamsi moja kwa kisingizio kwamba zimejaa. Watoto wakikuletea kinyonga kwenye kijiti ili ulipe upige picha, kataa kwa upole. Ukilipa leo, kesho watang'oa wengine kumi vichakani, na Usambara ina vinyonga wasiopatikana mahali pengine duniani. Kupiga picha watu wakiwa wanalima bila kuomba ni utovu wa adabu, na utaambiwa hivyo kwa Kisambaa.

Hatua ya 9: Afya

Mbu ni wachache kuliko pwani, ila malaria haijaisha, na kila unaposhuka Mombo au Korogwe unarudi kwenye eneo lake. Lala kwenye chandarua ukiwa huko. Hospitali ya wilaya iko mjini na ya Bumbuli iko upande wa pili wa milima. Jambo kubwa zaidi hupelekwa hospitali ya Bombo, Tanga, au ya KCMC, Moshi, na hizo ni saa kadhaa za gari. Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito wa hatari, au mzee anayehitaji daktari bingwa mara kwa mara afikirie umbali huo kwanza. Uwe na namba za madereva wawili wenye gari dogo wanaokubali kuamshwa usiku, na ujue bei yao ya kushuka Mombo kabla hujaumwa.

Bodaboda za milimani ni hatari kuliko nyoka wote wa Magamba. Chagua dereva mmoja mtu mzima, mlipe vizuri, mkatalie anapozima injini ili ateremke bure.

Hatua ya 10: Baada ya mwaka, ardhi

Umemaliza mwaka na bado unapenda. Basi tafuta kiwanja, taratibu. Lushoto ina watu wengi kwenye ardhi ndogo, na shamba moja linaweza kuwa na haki za ndugu wanne, mmoja yuko Tanga, mwingine Muscat. Muuzaji mmoja mwenye haraka ni dalili mbaya. Taka kikao cha ukoo, mke au mume wa muuzaji aridhie kwa maandishi, majirani wa mipaka yote minne wawepo siku ya kupima, na serikali ya kijiji iandike. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na hati yake ni ya haki miliki ya kimila. Ya mji ina utaratibu wake halmashauri. Asiye raia asianze na shamba, aanze na mwanasheria.

Usinunue ndani ya mita 60 kutoka mto au chanzo cha maji, kwa kuwa Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu humo, hata kama jirani ameshajenga. Usinunue chini ya mteremko uliokatwa wima. Nenda kwenye kiwanja hicho siku ya mvua kubwa ya Aprili, simama na mwamvuli, uangalie maji yanapita wapi. Kama yanapita pale ulipotaka kuweka chumba cha kulala, mshukuru muuzaji na uendelee kupanga.